Injini Iliyofunguliwa Haijafa, Ni Sisi Tumeacha Kupima

Msemo huu umezagaa kwenye gereji zetu hadi umekuwa kama sheria ya nchi: injini ikishafunguliwa hairudi tena. Utausikia Nairobi, utausikia Nakuru na Mombasa, utausikia hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake. Ndugu msomaji, leo naupinga. Si kweli, unawala watu pesa, na mbaya zaidi unampa fundi asiyepima mahali pazuri pa kujificha. Injini ikigoma baada ya kuundwa upya, yeye hana kosa, ni "tabia" ya injini. Ajabu!

(Wale mnaokuja hapa kwa mambo ya programu na tarakilishi, msitoroke. Leo ni Land Rover, lakini ugonjwa wenyewe mnaujua.)

Haya, tuanze na jambo lililo wazi. Kila injini duniani ilianza ikiwa vipande. Kiwandani hakuna uchawi, kuna vipimo. Chukua V8 ya Rover, ambayo wapenzi wa magari makuukuu ya porini hapa kwetu wanaijua vizuri. Buick wa Marekani ndio walioibuni, ya aluminiamu, wakaiuza kwenye magari yao kuanzia 1961 hadi 1963, wakaiacha. Rover wa Uingereza wakachukua haki zake mwaka 1965, wakaitia kwenye Range Rover ya kwanza mwaka 1970 ikiwa na lita 3.5, na kwenye Land Rover 110 ilipotoka mwaka 1983. Baadaye ikapanuliwa kuwa 3.9, kisha 4.6. Miaka yote hiyo kuna watu walioifungua, wakachimba silinda, wakabadilisha krenki na hedi, wakaifunga, ikatembea. Ile mashine ilizaliwa kwa kufunguliwa-funguliwa! Sasa ikifika kwetu ndiyo inaanza kuwa na mwiko?

Tofauti kati ya injini inayorudi na ile isiyorudi ni namba. Basi.

Fikiria kinachofanyika unapounda injini upya ukitaka pia iongezeke nguvu. Hubadilishi kitu kimoja. Silinda zinachimbwa, pistoni kubwa zaidi zinaingia. Krenki inasagwa, beringi nene zaidi zinaingia. Hedi inaskimiwa ili uso wake unyooke. Kamshafti inabadilishwa ili valvu zifunguke zaidi na zikae wazi muda mrefu zaidi. Gasketi za hedi zinabadilishwa. Kila kimoja kinasogeza vingine. Ni sawa na kubadilisha mafaili 40 ya programu usiku mmoja bila kuandika popote ulichobadilisha, halafu asubuhi mteja anapiga simu. Mtengenezaji programu anayefanya hivyo tunamfukuza kazi. Fundi anayefanya hivyo tunamwita "mtaalamu wa V8".

Nitoe mfano. Rafiki yangu ana Land Rover 110 ya miaka ya 80. Injini yake ilichoka, akatafuta ya 3.9, ikaundwa upya: pistoni mpya, beringi mpya, kamshafti iliyosagwa upya kwa umbo la nguvu. Ikawaka vizuri. Lakini ikawa inagonga, tak-tak-tak-tak, kama cherehani ya fundi wa nguo mwenye haraka. Fundi wake akaweka sikio kwenye bisibisi, akasema oili ni nyepesi. Ikawekwa nzito. Tak-tak. Akasema ni pampu ya oili. Gia za pampu zikanunuliwa. Tak-tak. Akasema ni tapeti. Tapeti za haidroli ziko 16, zikanunuliwa zote. Tak-tak. Akasema hizo zilikuwa feki, zikanunuliwa nyingine 16! Mwishowe akapangusa mikono yake, akatoa hukumu: "Mkubwa, hizi zikishafunguliwa hazirudi. Toa hii, weka dizeli ya ex-Japan."

Hebu tutulie, tufikiri kama watu wanaosaka hitilafu. Kelele inatoka pande zote mbili za V. Tapeti 16 hazifi siku moja, na tapeti 32 kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti haziwezi kuwa mbovu kwa namna moja. Kwa hiyo kuna kitu kinachozigusa zote kwa pamoja, na kitu hicho kilibadilika injini ilipofunguliwa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hilo: nini kilibadilika kinachogusa tapeti zote? Badala yake swali lilikuwa: tununue nini sasa?

Kwenye V8 hii roka hazina skrubu ya kurekebisha. Ukishafunga rokashafti, umemaliza. Tapeti yenyewe ndiyo inayomeza tofauti ndogo ndogo: ndani yake kuna pistoni kidogo inayokaa juu ya oili, na valvu inapokuwa imefungwa pushrodi inatakiwa iwe imekisukuma chini kiasi fulani. Kiasi hicho ni kati ya elfu 20 na elfu 60 za inchi, yaani nusu milimita hadi milimita moja na nusu hivi. Kikifika sifuri, panakuwa na nafasi kati ya vyuma, na nafasi ndiyo inayopiga kelele.

Sasa piga hesabu. Gasketi za zamani za hedi za injini hii zilikuwa za bati, unene kama nusu milimita. Fundi alitia zile za kisasa za mchanganyiko ambazo zikishabanwa zina kama milimita 1.2. Hedi imepanda kwa kama milimita 0.7, roka zimepanda pamoja nayo, pushrodi zimebaki na urefu wao. Pili, kamshafti iliyosagwa upya: ili nundu zipate umbo jipya, mviringo wa chini unapunguzwa, kwa hiyo tapeti zimeshuka. Juu kumepanda, chini kumeshuka, pushrodi iliyo katikati imekuwa fupi. Hapa hakuna siri ya Waingereza. Ni kutoa na kujumlisha.

Tulipompelekea mzee mmoja wa kazi za mashine, hakuinama hata kusikiliza. Aliuliza tu: "Kijana, karatasi ya vipimo iko wapi?" Haikuwepo. Hakuna mtu aliyeandika hedi iliskimiwa kiasi gani, gasketi ni ya aina gani, kamshafti ilisagwa kiasi gani. Basi ikabidi manifoldi iondolewe, tapeti zikaonekana bondeni mwa ile V, na pistoni kidogo cha kila moja kilikuwa kimepanda juu kabisa, kimeegemea pete inayokizuia kisitoke. Hata unyoya mwembamba kabisa wa fila geji haukupita. Sifuri. Ziliagizwa pushrodi ndefu zaidi, za urefu uliopimwa kwenye injini ile ile, na kelele ikaisha.

Na msidhani zile tapeti zilikuwa hasara ya pesa tu. Tapeti bapa na nundu yake huchakaa pamoja, zinazoeana. Ukizichomoa ukazichanganya, ukaweka iliyotumika juu ya nundu ambayo si yake, unaanza kuila kamshafti. Kwa hiyo kukisia hakuachi gari lilivyokuwa. Kunaongeza hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza, na ya pili huja na dalili zinazofanana na za kwanza. Wenzangu wa programu mnajua vile inavyoumiza kichwa mtu akibadilisha mambo matano kwa mpigo, halafu aseme "sasa imezidi kuharibika".

Nigeukie sasa wenye magari, maana fundi hakujileta mwenyewe. Sisi tunalipa spea, hatulipi kupima. Fundi akikwambia, "Nipe siku mbili nipime, utanilipa siku hizo mbili, huenda nisibadilishe kitu," unamcheka. Fundi gani huyo asiyejua kwa kusikiliza tu? Unamwendea mwingine anayekwambia "hii ni koili" kabla hajafungua boneti, unafurahi, unaenda Kirinyaga Road kununua koili. Tumewafundisha mafundi wetu kwamba kufikiri hakuna malipo ila kukisia kuna malipo, halafu tunashangaa wanapokisia. Katika kazi yangu ni vile vile: mteja yuko tayari kununua mfumo mpya mzima lakini hataki kulipia wiki moja ya kutafuta kwa nini ule wa zamani unachelewa.

Mimi nasema injini ikitoka kuundwa upya itoke na karatasi. Kipenyo cha kila silinda juu na chini. Krenki ilisagwa kiasi gani. Nafasi ya beringi. Hedi iliskimiwa kiasi gani, na bloku je? Gasketi ya aina gani. Namba ya kamshafti na vile ilivyopangwa. Ile nafasi ya tapeti niliyoeleza. Bolti zilikazwa kwa torki gani. Hakuna kitu hapo ambacho fundi mzuri hakipimi kazini; ninachoomba ni aandike. Injini bila karatasi hiyo ni programu uliyouziwa bila msimbo wake. Siku ikigoma, hata fundi bora kuliko wote Nairobi ataanza na giza.

Kuna mahali ambapo kukisia hakusameheki hata kidogo, nako ni dakika 20 za kwanza. Kwenye programu ukikosea unatengua. Hapa hakuna kutengua. Kamshafti mpya yenye tapeti bapa haitaki kuzunguka polepole, kwa sababu nundu zake hutegemea sana oili inayorushwa na krenki. Mara injini inapowaka inapandishwa hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, na inabaki huko ikipandishwa na kushushwa kidogo kwa dakika 20 nzima. Maana yake ni kwamba inatakiwa iwake mara moja, na isizimwe kwa sababu mtu amesahau maji.

Kwa hiyo kazi yote ni ya kabla ya kugusa ufunguo. Pampu ya oili ya V8 hizi za distributa ikiwa kavu hainyonyi. Ndiyo maana gia zake hujazwa mafuta ya mgando (naam, yale ya kujipaka, wala si girisi), kisha inazungushwa kwa drili kupitia tundu la distributa mpaka geji ionyeshe oili imepanda. Waya za plagi zinafuata mpango wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Alama ya kwenye puli peke yake haitoshi kupanga taimingi, kwa sababu krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Usipothibitisha kwamba valvu zote mbili za silinda namba 1 zimefungwa, utaiweka distributa kinyume kabisa na injini itakutemea moto kwenye uso. Waya za 5 na 7 zisilazwe sambamba, maana silinda hizo zimekaa jirani na zinafuatana kuchoma, moja inaweza kuiamsha nyingine. Na oili: viwango vya mafuta mepesi ya magari ya kisasa vilipunguziwa fosforasi tangu API SM ya mwaka 2004 ili kulinda vichujio vya moshi, na fosforasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda nundu za aina hii. Soma kopo kabla hujamimina.

Ninachokiona kwenye gereji ni kitu kingine. Wanapiga stata mpaka betri inakufa. Wanaleta betri nyingine. Wanaita vijana wasukume. Ile girisi iliyopakwa kwenye nundu imeshafutika zamani. Ikiwaka hatimaye inaachwa izunguke polepole, wakati mtu mmoja anatafuta taimingi kwa sikio na mwingine anatafuta maji. Miezi miwili baadaye nundu zimekuwa bapa, injini inakohoa kwenye kabureta na haina nguvu mlimani. "Unaona? Nilikuambia zikifunguliwa hazirudi." Eti!

Halafu ule ushauri wa kuendesha kama umebeba mayai kilomita elfu moja. Ringi mpya hukaa kwenye ukuta wa silinda kwa kusukumwa na shinikizo la moto, na shinikizo hilo linapatikana injini ikifanya kazi. Ukiibembeleza, ukuta unang'aa kama kioo, na injini inakunywa oili maisha yake yote. Ikishamaliza zile dakika 20, ipeleke mlimani, ikanyage, iachie, ikanyage tena. Usiifikishe ukingoni, usiivutishe trela, lakini iache ifanye kazi.

Jambo jingine ni mahali tulipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Vitabu vya injini hizi viliandikwa Uingereza. Silinda ambayo geji ya kompresheni ingeonyesha psi 150 Mombasa itaonyesha kama 123 hapa, ikiwa nzima kabisa! Ni injini ngapi zimehukumiwa kwamba ringi zimekwisha kwa sababu fundi alilinganisha namba ya Nairobi na kitabu cha pwani? Kinachotakiwa kutazamwa kwanza ni tofauti kati ya silinda na silinda. Nguvu nayo inapungua kwa kama asilimia 15, kwa hiyo ukinunua kamshafti kwa kusoma nguvu farasi zilizopimwa Uingereza, usimlaumu mtu ukizikosa pale Limuru. Kabureta iliyopangwa pwani inamwaga petroli nyingi mno huku juu, na taimingi iliyosukumwa mbele Nairobi inaweza kugonga ukishuka Mombasa. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 94 hivi hapa, ndiyo maana kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka kinatosha kufanya injini mpya ionekane ina gasketi iliyoungua. Kifuniko! Kitu cha kwanza kubadilishwa, lakini watu hufungua hedi kwanza.

Na waya wa athi. Injini imepakwa rangi nzuri ya fedha, waya umefungwa juu ya rangi, stata inavuta polepole, watu wanaagiza stata mpya. Kwangura rangi.

Hata kwenye zile za sindano mambo ni hayo hayo. Range Rover za 3.9 zilikuja na kompyuta ya Lucas iitwayo 14CUX, ambayo programu yake yote inakaa kwenye kilobaiti 16 (picha moja ya simu yako haiwezi kuingia humo). Wapenzi wa magari haya wameisoma baiti kwa baiti, na unaweza kuzungumza nayo kwa laptopu kwa kasi ya ajabu ya baudi 7812.5. Ndani yake kuna ramani tano za mafuta, na inayotumika inachaguliwa na rezista moja ndogo kwenye waya: ya kijani, omu 470, kwa gari lisilo na kichujio cha moshi, nyeupe, omu 3,900, kwa lenye kichujio na sensa za oksijeni. Sasa injini imeundwa upya, ekzosi imebadilishwa, sensa zimetupwa, lakini rezista nyeupe imebaki pale pale. Kompyuta inasubiri sensa ambazo hazipo. Gari linakunywa, linakohoa, na mwenyewe ameshanunua sindano nane, pampu ya petroli na koili. Rezista! Mita ya kupima omu inauzwa kila duka la vifaa vya umeme mjini.

Najua mtakalosema: kwa nini mateso yote haya, si mtu aweke tu dizeli ya ex-Japan? Kuna mahali inafaa, sikatai, hasa kwa mtu anayesafiri mbali na petroli inamuumiza. Lakini msiuze hilo kama tiba ya injini ambayo hakuna aliyeipima. Kubadilisha aina ya injini ni kubadilisha mikono ya kuishikilia, giaboksi au kiunganishi chake, propela shafti, waya zote, rejeta, na namba ya injini kwenye logibuku, ambayo lazima NTSA waijue. Na magari haya hayarudi tena: sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 110 ya mwaka 1985 iliyopo nchini ndiyo hiyo hiyo, ukiiharibu huagizi nyingine. Injini ya ex-Japan yenyewe ni mtumba. Ilitembea kilomita ambazo hukuziona, ilibadilishwa oili na mtu usiyemjua, au haikubadilishwa. Nenda ukasimame mbele ya muuzaji, umuulize silinda zake zina kipenyo gani na nafasi ya beringi ni kiasi gani, halafu usikilize atakavyokujibu.